Ahadi ya Mtu kwa Nafsi Yake

Ahadi ni deni. Maneno hayo wayajua tangu utoto, na huenda ukaambiwa uyaandikie insha kabla hujamaliza shule. Mtu akikopa shilingi mia kwa jirani yake, yuko mdai na yuko mdaiwa; mdai akiwa na huruma aweza kusamehe, na asipokuwa nayo aweza kupiga hodi mlangoni alfajiri. Jambo hilo halina fumbo. Lakini nakuuliza, msomaji, swali ambalo mimi lilinichukua miaka mingi kulijibu: mtu akijiahidi jambo yeye mwenyewe, ni nani anayemdai? Ikiwa mdai ni yeye na mdaiwa ni yeye, aweza kujisamehe saa yoyote apendayo, wala hapana shahidi. Na deni lisamehewalo kwa wepesi namna hiyo lafanana na maandishi juu ya maji.

Swali hili laweza kuonekana kwako kuwa mchezo wa maneno. Kwangu halikuwa mchezo. Nililikuta mjini Nyeri, katika baridi ya mwezi wa Julai, nikiwa na kibiriti mkono mmoja na sigara mkono wa pili, saa chache tu baada ya kuapa kwamba sitavuta tena.

Asiyeijua nchi iliyo miguuni mwa Mlima Kenya hudhani kuwa Afrika yote ni jua. Nyeri imekaa kati ya Nyandarua na Kirinyaga, na mwezi wa Julai ukungu huteremka usiku ukalala juu ya mji hata saa nne au saa tano ya asubuhi. Kwenye kituo cha matatu watu hujikunyata ndani ya makoti, wakingojea gari la Karatina au la Nanyuki, na kila mmoja hutoa moshi kinywani, avutaye na asiyevuta, maana pumzi yenyewe hugeuka moshi. Katika hali hiyo sigara hujifanya kuwa jiko dogo la mfukoni. Husema uongo, kwa sababu tumbaku huibana mishipa ya damu na vidole huzidi kuwa baridi; lakini macho yakiona moto, mwili husadiki kuwa umeota.

Karibu na kituo palikuwa na kibanda cha mzee mmoja aliyeuza peremende, kadi za simu na sigara. Nilinunua kwake moja moja. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka wa 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, hairuhusu pakiti yenye sigara pungufu ya 10, wala kumwuzia mtu asiyetimiza miaka 18. Lakini sheria hukaa Nairobi na kibanda hukaa njiani. Nataka uone ujanja ulio katika kununua moja moja. Anunuaye pakiti ajua kuwa yeye ni mvutaji, kama vile anunuaye gunia la mahindi ajuavyo kuwa ana watoto wa kulisha. Anunuaye moja hujidhani kila mara kuwa ile ndiyo ya mwisho. Kwa namna hiyo nilivuta sigara ya mwisho, kwa hesabu yangu, mara sita au saba kila siku kwa muda wa miaka 19.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, na haifai nikufiche kuwa nilikuwa mnafiki. Nilivuta nyuma ya ghala la shule, kisha nikatafuna peremende na kuingia darasani. Siku moja aliletwa kwangu mvulana wa kidato cha pili aliyekamatwa na kipande cha sigara bwenini. Nilimpa adhabu ya kufyeka nyasi siku tatu. Siku ya tatu nilikwenda kumkagua. Alikuwa amefanya kazi vizuri. Akaweka fyekeo chini, akasimama kwa adabu, akasema, "Mwalimu, naomba kuuliza. Mtu huachaje?"

Hakuniuliza kwa kejeli. Kama angekuwa na kejeli ningalijua la kumjibu, kwa kuwa mwalimu hana shida na kejeli. Aliuliza kama aulizavyo mtu aliyepotea njia katika mji wa ugenini. Nikamwambia ajitie nidhamu. Nilipokuwa nikilitamka neno hilo niliisikia harufu ya koti langu mwenyewe, na nadhani yeye pia aliisikia, kwa maana aliinamisha macho haraka ili asiniaibishe. Tangu siku hiyo nalijua kuwa mtoto aweza kumstiri mtu mzima.

Jioni ile nikaapa. Usiku nikajisamehe. Siku ya pili nikaapa tena kwa maneno makali zaidi, na jioni nikapata sababu njema ya kujisamehe: madaftari ya kusahihisha yalikuwa mengi. Mwezi mzima ulipita hivyo. Mvutaji hasemi kamwe kwamba amevunja ahadi yake. Husema ameiahirisha. Na kila anapoiahirisha hufanya kama hakimu ambaye ndiye mshtakiwa, ndiye shahidi, na ndiye mwandishi wa hukumu.

Sasa nikueleze kuacha kulivyo, maana watu wengi hulisimulia jambo hili kwa uongo wa kutia moyo, na uongo huo huwaangusha wengine. Nilipoacha kwa kweli, nilitazamia kujiona shujaa. Siku ya kwanza nilijiona hivyo hata saa tatu za asubuhi. Baada ya hapo sikujiona shujaa tena, nilijiona mgonjwa asiye na ugonjwa. Nikotini iliyo katika tumbaku hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde chache baada ya mtu kuvuta moshi, na ubongo uliozoea kupokea mgeni huyo kila saa humwandalia viti vingi zaidi na zaidi. Mgeni asipokuja, viti hubaki vitupu, na nyumba nzima hununa. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya kupita zote. Nilimkaripia mke wangu kwa sababu ya kifuniko cha sufuria. Nilisoma ukurasa mmoja mara nne bila kujua umesema nini. Usingizi ulikuja ukiwa vipande vipande, na katika kimoja niliota kuwa nimevuta, nikaamka na majuto ya kweli kwa kosa ambalo sikulitenda.

Tena kuna mikono. Hakuna aliyenionya juu ya mikono. Mtu aliyeshika sigara miaka 19 ana mikono miwili isiyojua kazi yake. Nilivunja njiti za kibiriti. Nilichora duara katika kila karatasi. Na kuna wakati: siku ya mvutaji imekatwa vipande kwa sigara, kama kitabu kilivyokatwa kwa sura, kuna baada ya chai, kuna kabla ya kipindi, kuna wakati wa kungojea gari. Ukiziondoa sigara, siku huwa kitabu kirefu kisicho na sura, nawe hujui utulie wapi.

Lakini lililonishangaza kuliko yote ni huzuni. Nilikuwa na huzuni iliyofanana na ya msiba, nami niliona haya kuitaja, maana ni nani amliliaye adui yake? Hata hivyo ni kweli. Kile kitu kilikuwa kimekaa nami usiku niliposubiri habari za baba yangu hospitalini. Kilinipatia marafiki katika safari. Kilikuwa adui, nacho kilikuwa mwenzangu. Na mtu hulia kwa kumkosa mwenzake hata akijua kuwa mwenzake alikuwa akimwibia. Yule mzee wa kibanda naye alihusika. Asubuhi ya kwanza aliponiona alikwisha kuitoa sigara kabla sijafika, kama ilivyokuwa desturi yetu. Nikalipa shilingi zilizobaki katika daftari lake la madeni, nikamwambia sitachukua. Akanitazama kama mtu aliyeachwa mlangoni na mkono ulionyoshwa. "Tumekosana, Mwalimu?" akauliza. Ilinipasa kujifunza kupita pale na kumwamkia bila kununua kitu, na juma moja zima salamu zetu zilikuwa fupi kama za watu wenye kesi.

Faida nazo zilikuja, ila zilikuja kimya kimya. Sumu ya moshi iitwayo kaboni monoksidi hutoka katika damu kwa muda wa siku moja au mbili tu, lakini hakuna mtu aisikiaye ikitoka. Kikohozi kilizidi kwanza kabla ya kupungua. Kisha siku moja, mvua ikiwa imenyesha, nilikuwa nikipita kando ya shamba la kahawa nikasikia harufu tamu kama ya asumini. Nikasimama. Mikahawa ilikuwa imechanua. Nilizaliwa katikati ya mikahawa, na kwa miaka 19 maua yale yalikuwa yakichanua kila mwaka pasipo mimi.

Nimekuahidi jibu la swali langu, nami nimekawia, kwa sababu jibu lenyewe nililizunguka mbali kabla ya kulipata.

Nilitafuta kwanza mdai wa nje. Katika nchi yetu yuko mfano mkubwa. Mwaka wa 1953, wakati wa Hali ya Hatari, watu wa Mau Mau waliwakataza Waafrika wa Nairobi, wengi wao wakiwa wametoka Nyeri, Murang'a na Kiambu, kupanda mabasi ya kampuni, kunywa bia ya Kizungu na kuvuta sigara. Aliyeonekana na sigara alihesabiwa kuwa msaliti. Mitaa mizima iliacha tumbaku pamoja, wengine kwa kuipenda nchi yao na wengine kwa kuyapenda maisha yao, wala mtazamaji hakuweza kuwatenga hawa na wale. Fikiri jambo hilo, msomaji. Wale watu walikuwa na viti vile vile katika bongo zao, na huzuni ile ile, na mikono ile ile isiyo na kazi. Lakini hawakuweza kujisamehe usiku, kwa kuwa mdai wao hakulala ndani ya vifua vyao. Yamkini kuacha kwao kulikuwa rahisi kuliko kwangu katika upande huo mmoja. Lakini amri ya mtu wa nje hudumu muda ambao mwenye amri yupo, na aliyeacha kwa hofu tu, hofu ikiondoka, hana la kumzuia.

Mtu mwingine aliyelisema jambo hili amezikwa hapa hapa mjini. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliishi siku zake za mwisho Nyeri, akafa tarehe 8 Januari 1941. Juu ya kaburi lake imechorwa alama ya duara yenye nukta katikati, ambayo kwa maskauti maana yake ni kwamba amekwenda nyumbani. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1908 aliwashauri wavulana wasivute, akaeleza kuwa mvulana huanza kwa kuogopa kuchekwa na wenziwe. Alikuwa askari wa dola iliyotutawala, nami simwendei kwa kila shauri. Lakini hapa aliona vema. Mimi nilianza chuoni kwa kuogopa kucheka kwa vijana wanne, ambao leo sikumbuki majina ya wawili kati yao. Angalia basi: hofu yaweza kumwingiza mtu katika tumbaku, na hofu yaweza kumtoa. Katika safari hizo mbili hakuna mahali ambapo yeye mwenyewe aliulizwa.

Jibu nililipata mahali nisipopatazamia, katika hesabu. Mwaka wa 1950 wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza kuwa wagonjwa wa saratani ya mapafu waliowachunguza karibu wote walikuwa wavutaji. Doll alikuwa mvutaji alipoianza kazi hiyo, naye akaacha kabla haijakwisha, kwa kuwa hesabu zake mwenyewe zilimshtaki. Tangu 1951 waliwafuata madaktari wa nchi yao mwaka baada ya mwaka, na mwaka wa 2004 Doll na wenzake wakatoa hesabu ya miaka 50: mwanamume aliyevuta maisha yake yote alipoteza, kwa wastani, kiasi cha miaka 10 ya kuishi. Aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 alijirudishia miaka 3. Wa 50 miaka 6. Wa 40 miaka 9. Na wa 30 karibu yote 10. Doll alikufa mwaka uliofuata, akiwa na miaka 92.

Nilikuwa na umri wa miaka 41 nilipoisoma hesabu hiyo. Nikajiuliza: miaka hii 9 ni ya nani? Si yangu mimi niliyeketi hapa na madaftari, maana mimi nisingeiona leo wala kesho kutwa. Ni ya mzee fulani. Mzee huyo ana jina langu na kovu langu la gotini, labda ana wajukuu, naye angependa kupanda kilima cha Nyeri taratibu bila kushika kifua. Basi yeye ndiye mdai! Wakati wote niliodhani kuwa mdai na mdaiwa ni mtu mmoja nilikosa kuhesabu siku. Aliyeahidi yuko leo. Anayedai yuko mbele, mahali ambapo sauti yake haifiki. Na kila usiku niliposema "najisamehe," sikuwa nikisamehe deni langu. Nilikuwa mdaiwa aliyejiandikia msamaha kwa kalamu ya mdai, mdai akiwa hayupo. Katika mambo ya fedha kitendo hicho kina jina, na polisi walijua.

Mtu aweza kunipinga, tena kwa haki. Aweza kusema kuwa mzee huyo wa kesho pia ni mimi, na mtu mzima ana ruhusa ya kujidhuru akipenda. Na ya kuwa furaha ya leo ni furaha ya kweli, haipaswi kutolewa sadaka daima kwa mtu ambaye huenda hatazaliwa, maana gari la Karatina laweza kupinduka kesho. Pingamizi hili silidharau. Wazee wetu walikuwa na ugoro wao katika vichupa vidogo, wakauvuta puani kwa starehe kuu barazani, nami siwezi kusimama juu ya makaburi yao nikawaita wezi. Hata leo simwiti mvutaji mtu mbaya. Walioacha sigara wakageuka kuwa mahakimu wa wenziwao wamebadilisha moshi mmoja kwa mwingine. Ninalosema ni dogo zaidi. Mtu mwenye miaka 41 aweza walau kumfikiri mzee wake na kupatana naye. Lakini wewe, msomaji wangu, mwenye miaka 15 au 17, ukipewa sigara nyuma ya bweni, wauza mali ya mtu ambaye hujapata hata kuwaza sura yake. Mimi ndimi niliyekuwa mtu huyo kwa yule kijana wa chuoni, naye hakuniuliza.

Liko swali jingine, nami naligusa tu. Aristotle alitenga watu wawili: mwenye kiasi, ambaye hatamani lililo baya, na mwenye kujizuia, ambaye hutamani lakini hafuati, akamweka wa kwanza juu ya wa pili. Kwa hesabu hiyo sitapanda kamwe daraja la juu. Kiu ya sigara bado hunijia, mara chache sasa, hasa mvua inaponyesha na mtu mbele yangu akawasha. Huja kama wimbi, hukaa dakika chache, kisha hupita, wala haijali kama nimetii au la. Kusema "sitavuta milele" kwanishinda hadi leo, maana milele ni kubwa kuliko kifua changu. Dakika chache zanitosha.

Mwaka mmoja uliopita nilikuwa sokoni Karatina, nikamwona mtu mzima aliyenitolea kofia. Alikuwa yule mvulana wa nyasi, sasa ana ndevu na lori la viazi. Tuliposalimiana mkono wake wa kushoto ulikwenda nyuma ya mgongo, na moshi mwembamba ukapanda juu ya bega lake. Nilijifanya sikuuona. Nilikuwa na deni lake hilo.

"Mwalimu," akasema, "nasikia uliacha. Ulipataje kuacha?"

Nikamwambia kuwa mwaka ule aliponiuliza sikujua, nikamdanganya. Nikamsimulia habari za mikono, na za njozi, na za yule mzee wa kibanda, na za maua ya kahawa. Na habari za mzee mwingine, mwenye jina langu, ambaye sasa naanza kumwona kwenye kioo. Alisikiliza bila kuondoa mkono nyuma. Sigara ikaungua mpaka ikajizimia yenyewe, nasi tukaendelea kusimama pale, tukizungumza juu ya bei ya viazi.